Hivi hii "vita ya kale ya majoka na binadamu" ilianzia wapi? Mbona kila ulimwengu wa kubuni unayo?

Mtunzi Mchovu #1
Wakuu salama. Naenda kwenye mada moja kwa moja.

Mwezi wa saba huu naandika hadithi ya ulimwengu wa kubuni, nimefika sura ya 14. Juzi nikampa mdogo wangu wa kike asome. Kafika sura ya pili kaniangalia kasema, "Kumbe na wewe umeiweka ile vita." Vita gani? Akaitaja yote na mbele hajasoma: hapo kale majoka walitawala, watu wakawa watumwa wao, joka mmoja akawasaliti wenzake akawafundisha watu siri, watu wakashinda, majoka wakafungiwa chini ya milima, na sasa wanaamka. Yote ilivyo! Nimeona aibu sijui nisemeje, maana mimi nilijua nimebuni mwenyewe usiku nikiwa nimelala chali naangalia dari.

Nikaanza kuhesabu gemu nilizocheza na muvi nilizoona, kila nikikumbuka moja naikuta humo. Sasa dai langu ni hili, mnipinge mkiweza: kitu kikisimuliwa na watu wengi hivi ambao hata hawajuani, basi kuna kitu kilitokea. Sisemi joka mwenye mabawa na moto. Nasema kuna KITU wazee wa kale kabisa walipigana nacho. Ni nini?

Kasuku Mweupe #2
Nakaa pale kwanza.

Fundi Mifupa #3
Kilichotokea ni mifupa mkuu, hamna vita hapo.

Vuta picha mto umefurika umekula ukingo, maji yakikauka linabaki fuvu limetokeza, kubwa kuliko la ng'ombe yeyote unayemjua. Wewe ungesema nini? Pale Klagenfurt, Austria, mwaka 1335 liliokotwa fuvu la aina hiyo watu wakasema ni la joka, likatunzwa pale mjini kama mali ya wote. Mwaka 1590 mchongaji Ulrich Vogelsang akaliangalia akachongea kichwa cha sanamu ya joka, sanamu ipo uwanjani mpaka leo. Baadaye wataalamu wa visukuku wakaliangalia wao: fuvu la kifaru mwenye manyoya, yule wa enzi ya barafu.

China nako mifupa ya kale iliitwa mifupa ya majoka, ikasagwa ikanywewa kama dawa karne na karne. Mwaka 1899 msomi mmoja, Wang Yirong, ndo akajua kuwa baadhi ya hiyo "mifupa ya majoka" ina maandishi. Kumbe ni mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe waliyokuwa wanapigia ramli enzi za Shang, ufalme wa kale wa China. Watu walikuwa wanakunywa nyaraka za serikali hahaha

Kwa hiyo mleta mada: ukishaliona fuvu kubwa hivyo na mwenyewe hayupo, swali la pili linakuja lenyewe, nani alimuua? Hapo ndo anazaliwa shujaa.

Shangazi Mkali #4
Fundi Mifupa umeongea vizuri ila umejichoma mwenyewe. Hao wa China waliosaga mifupa mingi kuliko watu wote, joka wao ni wa mvua na mito, ni alama ya mfalme, anaheshimiwa. Kama mifupa ndo inazaa vita, mbona kwao haikuzaa?

Fundi Mifupa #5
Shangazi umenishika pabaya. Nipe muda.

Tumbili wa Tawi la Juu #6
Mnazunguka mbali. Joka ni woga, basi.

Mwaka 1980 watafiti Seyfarth, Cheney na Marler walitoa utafiti wao wa tumbili wa Amboseli. Tumbili wana milio tofauti ya hatari. Wakisikia mlio wa chui wanakimbilia mtini, wakisikia wa tai wanaangalia juu na kuingia vichakani, wakisikia wa nyoka wanasimama kwa miguu miwili na kukodolea macho nyasi. Haya sasa chukua hao maadui watatu, chui, tai na nyoka, uwashone pamoja: makucha, mabawa, mwili mrefu wenye magamba. Umepata nani? Kuna mwanaanthropolojia David E. Jones aliandika hivyo hivyo mwaka 2000, kwamba joka ni hao watatu waliobaki kichwani mwetu tangu tukiwa mitini. Na Lynne Isbell mwaka 2006 akaja na hoja kwamba hata macho yetu haya na ubongo vilinolewa na kazi ya kumuona nyoka mapema.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Usiku mmoja natoka nje kuzima taa, mguu uko hewani bado haujatua, mwili ukaruka WENYEWE. Nimeshatua pembeni, moyo unadunda masikioni, ndo akili inafika inaniambia ni mpira wa kumwagilia bustani. Nani aliyeruka kabla yangu? Huyo ndo aliyepigana hiyo vita ya kale.

Kasuku Mweupe #7
Kwa hiyo majeshi mawili yaliyopambana ni wewe na bomba la bustani. Nani alishinda?

Tumbili wa Tawi la Juu #8
Kasuku lala.

Msafiri wa Ramani #9
Tumbili nakubaliana na nusu. Ila Ireland haina nyoka wa porini na ina hadithi za nyoka wakubwa wa ziwani. New Zealand nchi kavu haina nyoka kabisa na Wamaori, wenyeji wa kule, wana taniwha, wanaokaa mitoni na baharini na wengine wanasimuliwa kwa umbo la mjusi mkubwa. Sasa woga wa kitu ambacho hakipo unatoka wapi?

Tumbili wa Tawi la Juu #10
@Msafiri hiyo inanisaidia mimi! Woga umebebwa kwenye damu, umefika hata pasipo na nyoka.

Msafiri wa Ramani #11
Au imebebwa hadithi tu kwenye mtumbwi. Watu wanahama na hadithi zao, haihitaji damu.

mpiga_chapa #12
Natupa jiwe dogo napita. Mbona jibu liko kwenye neno lenyewe? Joka ni nyoka aliyekuzwa tu, kama mtu na jitu. Na Wagiriki waliotupa hilo neno "dragoni" kwao drakon ni nyoka vilevile, na wanaochambua maneno wanalihusisha na kitenzi cha kuona, yaani yule mwenye jicho kali. Mabawa na moto ni nakshi za baadaye. Ukisema "vita ya binadamu na nyoka wakubwa" utamu wote wa gemu unaisha, si ndio?

Bibi wa Vigae #13
Samahanini nachelewa, uzi mtamu. Nawarudisha kwenye dai la #1 maana naona wote mmelikubali bila kulikagua. Mleta mada anasema "vita ya majoka na binadamu" inasimuliwa kila mahali. Siyo kweli. Kinachosimuliwa kila mahali ni PAMBANO, mmoja kwa mmoja, na mara nyingi huyo mmoja ni mungu wala siyo mtu.

Babeli ni Marduk dhidi ya joka Tiamat, anampasua vipande viwili kama samaki wa kukausha, kipande kimoja kinakuwa mbingu. Uhindi ni Indra na Vritra aliyezuia maji. Misri ni Ra na Apep, tena hao wanapigana kila usiku, hakuna siku ya mapumziko. Japani ni Susanoo na nyoka wa vichwa vinane, na hakumshinda kwa nguvu, alimwekea mapipa manane ya pombe, kila kichwa pipa lake, alipolewa akamkatakata.

Majeshi yako wapi hapo? Utumwa uko wapi? Joka msaliti yuko wapi? Hizo ni za juzijuzi.

Mwalimu wa Zamu #14
Bibi heshima yako, ila rekebisha hapo kwa Tiamat. Maandishi yenyewe ya Babeli hayamwiti joka waziwazi. Ni bahari ya chumvi, ni mama wa miungu, anazaa majoka na nyoka wa sumu kuwa askari wake, ila umbo lake mwenyewe halieleweki vizuri. Wa kuchora ndo wamemfanya joka.

Bibi wa Vigae #15
Pokea maua yako Mwalimu. Niliandika haraka. Ila unaona hapo sasa, kumbe kuna jeshi la majoka, basi nimejipunguzia hoja mwenyewe lol

Ngoja nilipe deni kwa ninayoipenda kuliko zote. Wahiti, pale Hattusa, Uturuki ya leo, wana joka anaitwa Illuyanka. Raundi ya kwanza joka ANASHINDA, anampiga mungu wa tufani. Mungu wa kike Inara anaandaa karamu, mitungi imejaa, anamtafuta binadamu wa kawaida kabisa anaitwa Hupasiya amsaidie. Hupasiya anasema sawa, lakini kwanza ulale na mimi. (Jamani nasimulia tu.) Joka anakuja na wanawe wanakula wanakunywa mpaka wanavimba hawawezi kurudi shimoni, Hupasiya anatoka mafichoni anamfunga kamba, mungu anakuja kummaliza.

Hapo tu ndo namuona binadamu kwenye hiyo vita yenu ya kale. Na kazi yake ilikuwa kufunga kamba.

Mtunzi Mchovu #16
Bibi subiri, alipata nini huyo Hupasiya?

Bibi wa Vigae #17
Inara alimjengea nyumba juu ya jabali. Akamwambia nikitoka usichungulie dirishani, utamuona mkeo na wanao. Siku 20 zikapita, akalisukuma dirisha, akawaona. Inara aliporudi akamkuta analia anaomba kurudi nyumbani.

Mtunzi Mchovu #18
Halafu???

Bibi wa Vigae #19
Kigae cha udongo kilichoandikwa hadithi kimevunjika hapo. Maandishi yameharibika.

Kasuku Mweupe #20
Aaaah hapana bana. Miaka elfu tatu na zaidi tunasubiri episodi inayofuata.

Ngumi Mezani #21
Nimesoma zote, hakuna aliyegusa siasa, nashangaa. Joka ni jina la aliyeshindwa!! Mungu Apollo wa Wagiriki alipofika Delphi alimkuta nyoka Python analinda pale, akamuua, akachukua mahali pakawa pake. Lakini kuhani wa kike pale aliendelea kuitwa Pythia. Mnaona? Jina la mwenye nyumba limebaki mlangoni. Mimi nasoma hapo dini moja imeifukuza nyingine halafu ikamwita mwenzake mdudu.

Na Wales wamesema kabisa bila kuficha. Hadithi yao iliyoandikwa karne ya 9: mfalme Vortigern anajenga ngome kila siku inaanguka, kufukua chini wanakuta majoka wawili, mwekundu na mweupe, wanapigana. Mwekundu ni Wabritoni, yaani wenyeji, mweupe ni Wasaksoni waliowavamia. Yaani majoka NI watu. Hiyo vita ni ya watu na watu tangu mwanzo.

Shangazi Mkali #22
Ngumi, kwa Wales nakupa. Kwa Delphi unasoma ulichotaka kusoma. Jina kubaki haimaanishi kulikuwa na dini nyingine, inaweza kuwa walilikuta jina wakatunga hadithi ya kulielezea.

Ngumi Mezani #23
Shangazi wewe kazi yako kuvunja tu hujengi.

Shangazi Mkali #24
Ndio kazi yangu.

Injinia wa Mabawa #25
Natoka nje ya mada kidogo mnisamehe, lakini kuna mtu amewahi kupiga hesabu hiyo vita ingewezekanaje? Mnyama mkubwa kuliko wote aliyewahi kuruka tunayemjua ni Quetzalcoatlus, mabawa kama mita 10 au 11 ncha hadi ncha, na makadirio mengi ya uzito wake yanacheza kwenye kilo 200 hadi 250. Hapo ndo ukingoni. Majoka wenu wa tani kumi wanaruka na nini? Moto naweza kuwapa, yupo mbawakawa anachanganya kemikali mbili tumboni anakurushia maji yanayochemka, nyuzi 100 hivi, na ukimshika unamsikia analia pa! Lakini kuruka NA tani kumi hapana.

Kasuku Mweupe #26
Injinia anatokwa na jasho kumpinga kiumbe ambaye hayupo.

Mchezesha Kete #27
Injinia umenikumbusha kitu. Mimi huwa nachezesha washkaji gemu ya mezani, mimi ndo naendesha majoka wao wanaendesha watu. Miaka miwili hawajawahi kunishinda, wanakuja na manati makubwa, mikuki, uchawi, nawachoma. Siku moja shemeji yangu alikuja kumsubiri mumewe, akakaa, hajawahi kucheza. Zamu ikamfikia. Akauliza, "Hawa majoka wanakula nini?" Nikamwambia ng'ombe, kondoo, chochote. Akasema "basi tunaficha ng'ombe wote mapangoni, tunakaa." Nikamcheka. Nikapeleka majoka wachome vijiji, vikaungua, watu hawamo. Zamu ya tatu majoka wangu wana njaa. Ya tano wanaanza kulana. Nilitupa kete mkono unatetemeka. Kumaliza akaniuliza kama gemu imeshaanza au bado.

Msafiri wa Ramani #28
@Mchezesha Kete shemeji yako amecheza historia ya kweli bila kujua. New Zealand alikuwepo tai wa Haast, jike anafika kilo 15 hivi, mabawa karibu mita 3, anawinda moa, ndege asiyeruka ambaye wakubwa wao walipita kilo 200. Wamaori wana hadithi za pouakai, ndege mkubwa anayenyakua watu. Watu walifika kama mwaka 1300. Hakuna aliyehitaji kuandika tenzi za kupigana na yule tai, watu waliwala moa. Haikupita miaka 200 moa wamekwisha, na tai naye akaondoka. Vita ilishindwa jikoni.

Mleta mada hiki ndo KITU chako labda. Wadudu wakubwa walikuwepo, binadamu akafika, wakaisha.

Fundi Mifupa #29
Nimerudi. Msafiri hiyo ni kisiwa kimoja na ndege mmoja, huwezi kubebesha dunia nzima. Babeli hakukuwa na tai wa Haast.

Msafiri wa Ramani #30
Na Fundi wewe fuvu moja la kifaru umelibebesha nini?

Mhariri wa Usiku #31
Mimi nahariri hadithi za watu, nyingi za hivi, niwaambie siri ya jikoni ambayo sio ya kisayansi hata kidogo. Vita ya kale ni kabati. Mwandishi ana upanga wa ajabu, aliutengeneza nani? Enzi ya vita. Ana magofu mazuri msituni, nani alijenga? Enzi ya vita. Kwa nini majoka wako wachache na wana hasira? Vita. Kwa nini hakuna anayejua uchawi vizuri? Waliojua walikufa vitani. Kila swali linalomchosha analitupa kabatini na kufunga mlango. Majoka wanafaa kwa sababu wanaishi miaka mingi, mmoja anaweza kuwa ALIKUWEPO akaja kuhadithia. Jaribu kuweka vita ya kale ya binadamu na kondoo uone kama itakaa. Hakuna kumbukumbu ya damu wala nini. Mtunzi pole, sikusemi wewe tu.

Mtunzi Mchovu #32
Mhariri nimejisikia vibaya kwa namna nzuri. Sura ya 3, ya 6 na ya 11 zote zimeanza na "enzi za vita kuu". Nimehesabu sasa hivi.

mpiga_chapa #33
Moto wa angani mmeusahau jamani. Kumbukumbu za Waingereza wa kale zinasema mwaka 793 kule Northumbria yalionekana majoka ya moto yakiruka angani, na mwaka huohuo maharamia wa kaskazini wakavamia Lindisfarne, kisiwa cha watawa huko huko. Vimondo, radi, sijui nini, ila aliyeandika hakuandika "kama majoka".

Injinia wa Mabawa #34
Hao sasa wanaruka vizuri, maana hawana uzito.

Bibi wa Vigae #35
Nyie mnanikumbusha hadithi yetu ya nunda mla watu, ambayo adui mwenyewe wala hakuwa joka, alikuwa paka wa sultani. Paka kaanza na kuku, kaachwa. Kala mbuzi, kaachwa. Mpaka anakula watoto wa sultani. Mtoto mmoja wa sultani anaingia porini kumtafuta, na kila mnyama anayemuua anamburura kwa mama yake anaimba amempata nunda, na mama anamwambia, "Mwanangu, siye huyu." Kaua huyu, siye. Kaua mkubwa zaidi, siye.

Fundi kaleta kifaru. Tumbili kaleta bomba la bustani. Ngumi kaleta dini iliyofukuzwa. Msafiri kaleta tai.

Tumbili wa Tawi la Juu #36
Bibi umetumaliza wote kwa mpigo 😂 Ila mimi naendelea kuburura wangu.

Mtunzi Mchovu #37
Asanteni wakuu. Nimeifuta sura ya pili jana usiku, yote. Nimebakisha mtu mmoja anayefunga kamba kisha anawekwa kwenye nyumba yenye dirisha. Mdogo wangu kasoma hajasema "ile vita". Kauliza ng'ombe walifichwa wapi, na ng'ombe sijawaandika popote, nadhani anasoma huu uzi.

Mgeni Mwema 09 #38
Habari zenu. Sijasoma komenti zote ila jibu ni rahisi tu, ni dinosaria. Watu waliishi nao wakawaua.

Fundi Mifupa #39
Miaka milioni 66 mkuu. Milioni. Hawakukutana.

Kasuku Mweupe #40
Mwanangu, siye huyu.